Jinsi Nilivyong'oa Tangi la Dada Yangu

Ridge Road, Dunmore Falls, Maine
9 Oktoba 1990

Mjomba Rosaire mpendwa,

Natumaini jua la Florida linautendea wema mgongo wako. Huku majani yameshaanguka na asubuhi nyasi zimeganda, zinavunjika chini ya kiatu. Tumehamia rasmi kwenye nyumba ya Mama. Bado ngazi zikilia huwa najua ni yeye anashuka kuweka maharage jikoni, halafu nakumbuka tulimzika Machi. Mtoto, Claire, ana miezi saba na meno mawili, na anauma kila kitu hadi fremu ya mlango.

Sikuandiki kwa salamu tu. Maji ya kisima yana harufu. Mwanzoni nilidhani ni pua yangu, lakini jana nilimwogesha Claire na juu ya maji ukatanda utando wa rangi rangi, kama ule wa barabarani mvua ikinyesha mahali lori limesimama. Na kule chini ya nyumba, karibu na tanuri la kupashia nyumba joto, harufu ya mafuta inapanda hata tanuri likiwa limezimwa. Nimeyakagua matangi mawili ya chini, makavu, hayavuji.

Wewe ndiye uliyetutunzia mafuta ya nyumba hii miaka yote. Nakumbuka kulikuwa na tangi jingine nje, ardhini, wakati nikiwa msichana. Ni lile uliloling'oa, sivyo? Lote lilitoka? Kuna lolote lililobaki, bomba au nini? Mume wangu Marcel yuko kambini anakata magogo hadi Ijumaa na mimi sina wa kumuuliza ila wewe.

Mpwa wako akupendaye sana,
Solange


Okeechobee, Florida
15 Oktoba 1990

Solange mwanangu,

Barua yako nimeipokea nikiwa nimekaa nje kwa kaptura, Oktoba hii, nakula chungwa nililochuma bila kusimama. Nimewaambia wazee wa huku kwamba kwetu mwezi huu mtu akitema mate yanatua yakiwa jiwe. Hawaamini. Watu wa huku hawajaona kitu.

Sasa unaniuliza lile tangi lilitoka lote. Unaniuliza mimi. Mimi niliyeendesha lori la mafuta miaka ishirini na tatu, niliyeweza kuchomeka mpira nyumba tatu za mtaa mmoja na kusikiliza mluzi wa matangi matatu kwa sikio moja. Maana ndivyo tulivyofanya kazi, mafuta yakiingia hewa inatoka kwenye bomba ikipiga mluzi, mluzi ukinyamaza tangi limejaa, unafunga. Wenzangu walikuwa wakimwaga mafuta kwenye maua ya watu. Mimi sikuwahi kumwaga hata tone la kulainisha bawaba.

Tangi la mama yako nililing'oa Novemba 1979, Jumamosi, peke yangu. Kampuni ilitaka kutuma watu wanne na katapila. Nikasema watu wanne wa nini, mnazika askofu? Nilichimba kwa sepetu tangu alfajiri, nikafunga mnyororo kwenye sikio la tangi, mnyororo kwenye lori, nikakanyaga. Lori likasimama kwa magurudumu ya nyuma kama farasi aliyeona nyoka. Nikalisemesha, nikalitukana kwa Kifaransa, maana lori lile Kiingereza lilikuwa halisikii. Tangi likatoka kama jino la mtoto. Likapita juu ya kamba ya nguo, suruali za marehemu baba yako zikapiga saluti, na lilipotua saa ya mnara wa kanisa ilisimama, na hadi leo inachelewa dakika nne. Kamuulize padre. Wilfrid Bolduc alikuwepo, ingawa ameshakufa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipoliona alivua kofia.

Kwa hiyo hilo liondoe kichwani. Chini ya ua wa mama yako hakuna chuma hata cha kutengeneza sindano.

Harufu inatoka juu. Tazama nani yuko juu yenu mteremkoni. Hattie Leavitt. Tangi lake lilikuwa kuukuu nikiwa bado na nywele. Wale watu wa zamani wa huko hawatengenezi kitu mpaka kianguke miguuni pao, halafu wanaomba radhi kwa sauti ndogo na hawatengenezi. Mafuta yanateremka, hayapandi, hilo hata mimi niliyeachia shule darasa la sita nalijua. Nenda kamwambie achimbe kwake. Usimwogope, anauma kwa heshima tu.

Mbusu Claire. Mwambie babu yake Rosaire ana mamba uani anayeitika akiitwa.

Mjomba wako,
Rosaire


Ridge Road
24 Oktoba 1990

Mjomba mpendwa,

Nilifanya ulivyosema, nami natamani nisingefanya.

Nilipanda kwa Bi. Leavitt Jumapili baada ya misa. Ndiye amekuwa akituletea maji ya kunywa kwenye mitungi ya kioo tangu nimwambie kisima chetu kinanuka, na mitungi miwili ilikuwa bado mezani kwangu nilipokuwa nikijifunga skafu kwenda kumlaumu. Nikamwambia mjomba wangu, ambaye ameendesha lori la mafuta miaka ishirini na tatu, anasema tangi lako linavuja na limetuharibia kisima. Aliingia ndani, akakaa sana, akatoka na karatasi iliyotiwa saini ya watu waliolitoa tangi lake miaka sita iliyopita, na picha ya shimo tupu. Ana picha ya shimo, Mjomba. Mumewe aliipiga.

Akaniambia, "Solange, mimi ningechungulia kwangu kwanza kabla ya kupanda kilima na maneno hayo." Kisha akaniuliza kama nataka maji mengine.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Na kuna baya zaidi. Leo asubuhi ameniletea mitungi mitupu. Maji yake nayo yameanza kunuka. Kwa hiyo mafuta hayateremki tu. Marcel anasema chini ya udongo wetu kuna mwamba wenye nyufa, na maji kwenye nyufa huenda yatakako.

Watu wa ofisi ya mazingira ya jimbo wanakuja baada ya wiki mbili. Wananiuliza historia ya nyumba. Nimewaambia ulichoniambia, kwamba tangi lilitoka 1979, na kwamba uliling'oa wewe. Nimewahakikishia. Nataka uniambie tena kwamba nilifanya vyema kuwahakikishia.

Mpwa wako,
Solange


Okeechobee
30 Oktoba 1990

Solange mwanangu,

Usimlilie Hattie. Karatasi yoyote inaweza kutiwa saini, na shimo ni shimo, hata mimi naweza kukupigia picha ya shimo nikakwambia nimemzika simba.

Ofisi ya jimbo hukuwa na haja ya kuiita. Ukiita serikali kuja kunusa, itanusa mpaka kabatini. Mimi niliwahi kukutana nao, walikuja na fimbo za chuma wakachoma choma uwanja wa watu, mmoja akachoma bomba la maji taka, akanuka hadi Agosti. Lakini maadam umewaita, waambie hivi. Harufu ina sababu tatu. Kwanza chuma, maji ya kwetu yana chuma, mama yako alijua. Pili inawezekana marehemu baba yako alimwaga mafuta ya gari nyuma ya banda, alikuwa na tabia hiyo, Mungu amsamehe. Tatu ni pampu, pampu ikizeeka inajitoa mafuta yake yenyewe. Nimeona pampu moja huko Lisbon ya kwetu Maine ilikojoa hadi bata wakateleza.

Waache wachimbe popote wanapotaka, nyuma ya banda, njiani, kwenye bustani ya mboga. Ila lile groto la Bikira Maria wasiliguse. Nilimjengea mama yako kwa mikono hii, hodhi ya kuogea ya chuma niliyoibeba mgongoni nikaisimamisha nusu ardhini, nikaipaka buluu kwa ndani, na sanamu alibariki padre. Mama yako alisali pale kila jioni ya Mei kwa miaka kumi. Anayegusa kitu kilichobarikiwa hupata laana, na mimi laana hizi nimeziona, kuna mtu wa Auburn alisogeza msalaba wa njiani na ng'ombe wake wote wakageuka vipofu.

Mgongo wangu unaniuma tena. Huenda nisiandike kwa muda.

Mjomba wako,
Rosaire


Ridge Road
12 Novemba 1990

Mjomba Rosaire,

Mimi sikukutajia groto. Kwenye barua zangu zote mbili halimo. Niliisoma barua yako nimesimama kwenye sanduku la posta, nikaisoma tena nikitembea, na nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshajua.

Sikuwaambia wale wa ofisi neno lolote. Niliwaonyesha tu kwa kidole. Wakachoma fimbo mara ya kwanza ikalia chuma.

Ilikuwa Alhamisi. Everett Coombs alileta katapila yake. Mimi ndiye niliyembeba Bikira Maria nikamlaza kwenye kochi, nimemfunika na blanketi ya Claire. Hodhi ilipong'olewa, chini yake moja kwa moja palikuwa na bomba la kujazia, limekatwa kwa msumeno na kuzibwa kwa kipande cha mti kilichovishwa soksi nyekundu ya sufu. Soksi iliyofumwa na Mama. Ulizibia soksi aliyokufumia.

Tangi lipo. Halikupita juu ya kamba ya nguo. Limelala ubavu kidogo, na kwenye bega lake kuna mpasuko wa kuingia mkono wangu wote, na kwenye sikio bado kuna kipande cha mnyororo chenye pete saba. Ndani kuna mafuta na maji. Udongo ni mweusi kuteremka hadi kwenye mwamba, na Everett, ambaye amechimba matangi yote ya wilaya hii, alizima mashine akakaa tu. Bi. Leavitt alikuwepo, amesimama na koti la mumewe, na majirani wengine wa barabara yetu walikuwa wamekuja. Kila mtu pale, Mjomba, aliwahi kukusikia ukisimulia jinsi ulivyoling'oa. Mmoja alicheka kidogo, akajizuia.

Mama aliweka pale mishumaa. Nilikuwa nikimsindikiza nikiwa msichana mkubwa, nikishikilia kiberiti upepo usikizime. Tulikuwa tukikupigia magoti wewe.

Andika. Mgongo unauma, kalamu haiumi.

Solange


Okeechobee
19 Novemba 1990

Solange,

Barua yako imeniumiza. Mtu mzima hasemeshwi hivi na mtoto aliyembeba mabegani akimwonyesha gwaride la sikukuu ya Julai. Nimeisoma mara moja tu, sirudii.

Sasa sikiliza. Kwanza, mnyororo ule ulikuwa mbovu, kampuni ilinipa mnyororo wa kufungia mbwa. Ningekuwa na mnyororo wa maana tangi lile lingefika Kanada. Pili, mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi anajua kuna siku kazi inakushinda kwa inchi moja, na inchi moja si uongo. Nililinyanyua. Liliinuka. Wilfrid aliliona likiinuka. Kama liliinuka basi liling'oka, lilichofanya baada ya hapo ni lenyewe.

Tatu, na hili sikutaka kulisema kwa heshima ya marehemu, lakini umenilazimisha. Mama yako alijua. Lucienne alijua tangu siku ile. Alisema mwenyewe, Rosaire, fukia, tusiongee. Alisema majirani watatucheka na kampuni itakufukuza. Groto lilikuwa wazo lake. Mimi nilikuwa nikimtii dada yangu mkubwa, kama nilivyolelewa. Kwa hiyo kabla hujanisulubisha peke yangu, jua kwamba misumari mingine ni ya nyumbani kwako.

Huku nimekuwa mtu wa kuheshimika. Mimi ndiye ninayetengeneza pampu za nyumba za trela zote. Sipendi jina langu lisemwe kwenye barabara ile.

Rosaire


Ridge Road
27 Novemba 1990

Mjomba Rosaire,

Nimekaa na barua yako siku nne. Siku ya kwanza nilikuamini. Nataka ujue hilo. Siku nzima nilimchukia mama yangu. Nilishusha picha yake ukutani, nikamwogesha mtoto kwa maji ya dukani yaliyopashwa kwenye sufuria, na kila sufuria niliyomwaga nilimtukana moyoni, mwanamke aliyefukia sumu na kuwasha mshumaa juu yake.

Siku ya pili Bi. Leavitt alikuja, akaona ukuta mtupu, akauliza. Nikampa barua aisome. Alisoma, akaikunja vizuri, akasema hawezi kuapa juu ya mambo ya familia ya watu, lakini kuna jambo analolijua. Mwaka 1985 Mama alipanda kwake na glasi ya maji mkononi, ameifunika kwa kiganja, akamwomba anuse, amwambie kama ni yeye tu. Mwanamke anayejua ana tangi bovu karibu na kisima, Mjomba, hapandi kilima na glasi.

Lakini mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo. Na sasa neno lako ndilo litakaloamua, kwa hiyo soma hapa polepole.

Ofisi ya jimbo wana mfuko wa kusafisha. Watachukua udongo wote, watachimba kisima kipya kwangu na kwa Bi. Leavitt, ikiwa mwenye nyumba hakujua habari za tangi. Mimi ni mrithi wa Mama. Kama Mama alijua na akaficha, basi nyumba ilijua, na mfuko unafungwa. Hapo sisi hatuwezi. Marcel ameshahesabu mpaka amechoka. Tutaondoka, nyumba itabaki imefungwa mbao juu ya shimo, na Bi. Leavitt mwenye miaka sabini na mmoja atabeba maji kwa gari hadi afe. Yule bwana wa ofisi ameniambia bila kunificha: anahitaji karatasi moja ya mtu aliyelifukia, iliyoapishwa mbele ya hakimu au mthibitishaji wa nyaraka, imfikie kabla ya tarehe kumi na tano Desemba.

Sikuombi useme uongo kwa ajili yangu. Uongo wako nimeula wa kutosha, na nimemlisha Bi. Leavitt, na nimeuapisha mbele ya serikali kwa mdomo wangu mwenyewe. Kama Mama alijua, andika alijua, uape, tutafunga vitu vyetu. Kama hakujua, andika hakujua. Usiniwekee farasi, wala padre, wala suruali za baba yangu. Andika kilichotokea.

Solange


Okeechobee, Florida
6 Desemba 1990

Solange,

Hii ni ya tano. Nne nimezichana, zilikuwa ndefu. Mthibitishaji ni mwanamke wa hapa posta, amenitazama nikiandika, ameniuliza kama mimi ni mgonjwa. Amepiga mhuri ukurasa wa pili. Huo ndio wa ofisi.

KARATASI YA KIAPO

Mimi, Rosaire Alcide Gagnon, wa miaka hamsini na tano, naapa kwamba haya ni kweli.

Tarehe 17 Novemba 1979 nilichukua lori la kampuni bila ruhusa. Nilikuwa nimewaambia watu wa klabu jana yake, Ijumaa, kwamba nitalitoa tangi la dada yangu Lucienne peke yangu, na kwamba sitalinyonya mafuta kwanza, nitalinyanyua nayo ndani. Kazi haifanywi hivyo. Nilijua haifanywi hivyo. Ilikuwa kama galoni mia moja na ishirini.

Tangi liliinuka kiasi cha futi moja. Likapasuka begani penye sikio la kufungia mnyororo, mnyororo ukakatika, likarudi chini. Mafuta yalianza kutoka hapo hapo. Niliyaona na nikayasikia. Wilfrid Bolduc hakuwepo. Sikuwa na pampu ya kunyonyea, ilikuwa karakana, na kwenda kuichukua ilibidi niseme ya nini. Ardhi ilikuwa inaanza kuganda. Nikafukia. Dada yangu alikuwa Lewiston pamoja na watu wa nyumbani kwake kwenye harusi ya binti wa Beaulieu, alirudi Jumatatu, nikamwambia limeshatoka na limeuzwa. Alinipikia pai ya nyama. Jioni ile nilikwenda klabu nikasimulia kwa mara ya kwanza.

Baridi ya mwaka ule iligandisha ardhi ikavimba, ikasukuma bomba la kujazia juu, na theluji ilipoyeyuka lilikuwa limejitokeza. Lucienne aliliona, akaniuliza. Nikamwambia ni bomba tupu, nitalikata. Nikalikata, nikaliziba, na ili asichimbe pale kupanda maua nikaleta hodhi na sanamu. Nilimwambia ni zawadi ya kumshukuru Bikira kwa kuninusuru siku ile ya kazi. Alilia kwa furaha. Halikuwa wazo lake.

Aliniuliza habari za maji mara nyingi. Mwaka 1985 aliniuliza kila nilipofika. Nilimwambia ni chuma. Nilimnunulia chujio. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mafuta.

Lucienne Gagnon Thibault hakujua. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Binti yake hakujua. Ni mimi tu.

R. A. Gagnon

Ukurasa huu wa tatu hauna mhuri, ni wako.

Nilihamia huku Mei si kwa sababu ya mgongo. Mgongo hauna kitu. Baada ya mazishi ulisema mtahamia pale na mtoto, na sikuweza kusimama jikoni kwako nikikuona ukimjazia chupa.

Juu ya figo zilizomuua mama yako, hakuna daktari aliyetaja maji. Lakini hakuna aliyeulizwa. Mtu pekee aliyekuwa na swali la kumpa daktari nilikuwa mimi, na nilikaa pale hospitali siku nne. Nilikuwa nikiwachekesha manesi. Unajua nilikuwa nikiwasimulia nini. Lucienne alikuwa amefumba macho, akitabasamu, na nilipokosea mahali alinirekebisha, akasema, "Hapana, Rosaire, umesahau saa ya kanisa."

Rosaire


Ridge Road
21 Desemba 1990

Kwa Rosaire Gagnon,

Karatasi ilifika tarehe kumi na tatu. Imekubaliwa. Malori yalianza Jumatatu, wamechukua udongo lori kumi na moja na bado wanachimba. Bi. Leavitt atapata kisima kipya theluji ikiisha, na sisi pia. Tunabaki.

Picha ya Mama nimeirudisha ukutani.

Ukurasa wa pili nilitoa nakala nikampelekea Bi. Leavitt, kwa kuwa nilikuwa na deni la heshima kwake. Ukurasa wa tatu sikumwonyesha mtu, hata Marcel. Jana nilikwenda nao makaburini. Nilidhani nitasoma kimoyomoyo, lakini upepo ulikuwa ukipiga, nami nikaona kama nikisoma chini chini hatasikia, nikasoma kwa sauti, kuanzia juu hadi jina lako. Kulikuwa na wazee wawili wakiondoa theluji kwenye kaburi la jirani. Waliegemea masepetu yao mpaka nikamaliza.

Claire ameanza kusimama akishikilia viti. Nakuambia hilo kwa sababu Mama angenitaka nikuambie. Mimi nisingekuambia.

Usiandike tena mpaka mimi nitakapoandika. Sijui kama nitaandika.

Solange Thibault Cyr